Ushaitika, Inuka

Siku hizi mtu akiniuliza shujaa wangu ni nani, nachoka kabla sijajibu. Kanisani kwetu Mwanza akina mama tunakutana katikati ya wiki, na juzi mwenyekiti wetu alitaka kila mmoja amtaje mtu aliyemfundisha kuishi. Wenzangu walitaja mama zao, mmoja akamtaja nesi aliyemzalisha. Zamu yangu ilipofika nikasema, mwanamke wa Mombasa, Mwislamu, mpishi, niliyelala kwake Guangzhou. Wakaniuliza alifanya nini cha ajabu. Nikasema aliitika hodi. Wakacheka, wakadhani natania, nami sikuwa na nguvu za kuanza kueleza mbele ya watu waliokwisha kushika mikoba yao. Naeleza hapa, nimekaa.

Nilikuwa naenda China kununua jinzi za duka langu. Kila safari ilikuwa ile ile: ndege, foleni ya uhamiaji, teksi mpaka Xiaobei, mtaa wa Waafrika pale Guangzhou, kisha kuzunguka kwenye maghorofa ya jumla hadi miguu inavimba ndani ya viatu. Wauzaji walikuwa na Kiswahili cha "dada, nzuri, nzuri", nami nilikuwa na Kichina cha "laobani", yaani bosi, na "mei yo", yaani hakuna. Kwa maneno hayo machache tulijaza makontena. Mchana kutwa mtaa mzima ulikuwa unalia sauti ya selotepu ikivutwa juu ya maboksi. Mpaka leo nikiisikia popote, mabega yananiuma.

Nililala kwa Mama. Sote tulimwita hivyo, Watanzania kwa Wakenya. Alikuwa mjane, mtu mzima, aliyekuja mara ya kwanza kununua mapazia, akakuta watu wa kwao wanaishi kwa tambi za kuchemsha na biskuti, akasikitika. Safari iliyofuata alikuja na mwiko na sufuria. Akapanga nyumba kwenye uchochoro nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, juu kabisa, ngazi tupu na hakuna lifti, na akawa anapika. Mchana watu walikula sebuleni wamekaa juu ya shangazi kaja, ile mifuko ya mraba mraba, na sisi wanawake tuliokuja kununua mizigo tulilala chumba kidogo. Wali wa nazi ya kopo, samaki, chapati. Ugali ulipikwa kama kuna mtu amebeba unga kutoka nyumbani.

Siku yangu ya kwanza pale nilikuwa nimejinyoosha kwenye godoro, miguu juu ya ukuta. Mtu akapiga hodi nje. Nikaitika, "Karibu," bila hata kufumbua macho, kama tunavyofanya kwetu: mmoja anaitika, mwingine anafungua. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Ni wewe uliyeitika?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi inuka."

Nikamwambia mlango uko karibu naye kuliko mimi, nami nimechoka. Akanitazama kwa lile jicho la watu wa pwani wakishaamua kwamba mtu wa bara hakufunzwa.

"Ushaitika, inuka. Wamwambiaje mtu karibu nawe umelala? Hiyo si karibu, hiyo ni kelele."

Nikainuka nimenuna, nikafungua, nikarudi kulala bado nimenuna. Lakini ile ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na hakujitoa yeye mwenyewe. Akiitika yeye, hata kama samaki yuko kwenye mafuta, alimwacha samaki akaenda mlangoni, akamshika mgeni mkono, akamuuliza habari za nyumbani mpaka moshi ujae. Nimekula samaki wa kuungua pale kwa sababu ya adabu za watu wa Mombasa, na nilikuwa nasema waziwazi kwamba adabu nyingine ni hasara.

Kisha ukaja msako. Polisi walisimama chini ya barabara ya juu pale Xiaobei, wakasimama kwenye milango ya hoteli, wakapanda ngazi za majengo ya biashara, wanataka pasipoti. Viza ikiwa imeisha unapandishwa gari. Zamani ulikuwa unakwenda ofisi ya uhamiaji unaongezewa mwezi, sasa jibu likawa mei yo, na aliyekujibu hata hakuinua kichwa. Migahawa ikawa mitupu. Watu wakawa wanatembea kwa kuambaa kuta.

Na kila kukicha kukawa na shujaa mpya. Pale sebuleni alikuwa analala mfanyabiashara mmoja wa simu, mtu wa Nairobi, ambaye viza yake ilikuwa imekwisha kabla ya yangu. Alikuwa na hadithi kama redio. Nani kawakimbia polisi kutoka darajani mpaka stesheni, nani katokea jikoni kwa hoteli amevaa aproni, nani karuka kutoka dirisha hili hadi roshani ya jirani.

"Huyo msee ni shujaa, mathe," alikuwa akimwambia Mama. "Shujaa kabisa."

"Shujaa wa nini, wa mbio?" Mama akamjibu siku moja, anachambua mchele. "Hata kuku hukimbia."

Huyo huyo wa Nairobi ndiye aliyeleta sheria mpya. Kuanzia siku ile hakuna kupiga hodi. Unakuja kula, unabipu mara mbili kutoka chini, unakata, unapanda, unafunguliwa kimya. Mlango ukigongwa bila kubipiwa, ndani hakuna mtu: simu zizimwe sauti, feni izimwe, hakuna kukohoa. Sote tukakubali. Mama naye akakubali, maana sisi ndio tuliokuwa na shida na yeye karatasi zake zilikuwa sawa. Makosa yake yalikuwa mawili tu, kutulaza sisi bila kutuandikisha polisi, na kuuza chakula nyumbani bila kibali. Lakini ile sheria ilimnyong'onyesha. Watu walikuwa wanaingia kwa kunyata, wanakula kwa kunong'ona, wanatoka. Nilimkuta akifuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Waja nyumbani kwangu kama wezi," alisema. "Na mimi nawapokea kama mwizi mwenzao."

Mimi nilikuwa nimekwama kwa sababu ya makalio. Nicheke sasa, wakati ule sikucheka. Nilikuwa nimetoa oda kwenye karakana moja ya jinzi huko Xintang, na nilikuwa nimewapelekea suruali ya mfano kutoka kwetu: nyembamba kiunoni, pana nyuma, suruali ya mwanamke anayekula ugali. Laobani aliigeuza geuza, akasema sawa. Nilipokwenda kuangalia mzigo nikakuta kashona mabomba. Yamenyooka juu mpaka chini, eti hivi ndivyo wanavyopenda wateja wake wengine. Hakuna mwanamke sokoni kwetu ambaye zile suruali zingempita mapajani. Tulibishana mpaka sauti ikanikauka, nikasimama katikati ya karakana nikajionyesha mwenyewe kwa mikono yote miwili, mafundi wakacheka, na laobani akakubali kushona upya. Lakini alishona kwa kununa, polepole, na viza yangu ikaisha mzigo haujafika hata nusu.

Kwa nini nisiondoke nikaziacha? Kwa sababu duka lote lilikuwa ndani ya zile suruali, na laobani akijua umeshaondoka nchini hashoni kitu. Mpango wangu ulikuwa mmoja. Jinzi zikishapakiwa, naenda uwanja wa ndege mwenyewe, naeleza, nagombezwa, nalipa faini, naondoka. Waliofanya hivyo walikuwa wanapata kurudi. Ila ukikamatwa, ndani ya nyumba au barabarani, unafungiwa, unarudishwa kwenu kwa muhuri mbaya, na China imekwisha kwako. Bila China sina duka, na bila duka watoto wangu na mama yangu wanakula nini? Nilichokuwa nakilinda ni hicho tu: kutoka kwa miguu yangu, nisitolewe.

Kwa hiyo nikawa naishi ndani. Ulikuwa msimu wa unyevu, kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki. Nilikuwa nampigia laobani simu, ananiambia kesho. Nilijifunza ngazi za jengo lile kwa masikio. Huyu ni bibi wa chini anapandisha mboga. Huyu ni fundi bomba. Kuchoka kwa kusubiri ni kubaya kuliko kuchoka kwa kubeba mzigo, maana hata usingizi hauji.

Polisi wakaja mchana. Wateja walikuwa wameshapungua kiasi kwamba tulikuwa watatu tu, mimi na wa Nairobi tumekaa sebuleni tunasubiri kula, Mama jikoni anasukuma chapati. Alikuwa ameanza kuimba kidogo, kitu ambacho hakuwa amekifanya muda mrefu. Mlango wa chuma ukagongwa. Hakuna aliyekuwa amebipu.

Na Mama akaitika, "Karibu."

Aliitika kwa sauti nzuri, ndefu kidogo mwishoni, kama alivyoitika maisha yake yote. Ulimi ulimtangulia. Wimbo ukakatika. Wa Nairobi akajishika mdomo, kana kwamba ni yeye aliyesema. Macho yake yakaenda dirishani, nami nikatazama anakotazama, na dirisha lilikuwa na nondo.

Wakagonga tena, sasa kwa nguvu, na sauti ya mwanamume ikasema maneno ya Kichina, kisha, "Pasipoti."

Mama alitokea mlango wa jikoni, mikono imejaa unga. Uso wake ulikuwa na aibu, kama mtu aliyemwaga chai mbele ya wakwe.

"Mathe, tulia," wa Nairobi alinong'ona. "Wataenda tu."

Mimi nilimshika leso yake. Nilimtikisia kichwa. Nilitaka kusema Mama usiende, nakuomba, jinzi zangu bado.

Akaitoa leso mkononi mwangu taratibu, akaacha doa la unga kwenye vidole vyangu.

"Nishaitika," alisema.

Alizima gesi. Akanawa mikono, wakati wale wanapiga chuma, akanawa mpaka kwenye viwiko. Akajifunga mtandio vizuri, akachukua pochi yenye pasipoti yake, akatuonyesha chumba kidogo kwa kidole. Tukaingia. Nilimsikia akifungua mlango, kisha nikausikia mlango ukivutwa na kitasa kikajifunga. Alikuwa ametoka na kuifunga nyumba nyuma yake. Ndipo nikasikia sauti yake kule nje, kwenye ngazi, ikisema kwa Kiswahili, "Karibuni. Ndiyo mimi."

Aliwakaribisha nje. Maneno kidogo yakapita, kisha viatu vikashuka, vyao vizito na ndala zake katikati.

Kwa nini hawakuingia, sijui mpaka leo. Pengine zile ngazi ziliwachosha hata wao. Pengine walitaka kumshusha mtu mmoja, wakampata.

Nitasema nilivyohisi: nilimkasirikia. Nilikaa kwenye lile godoro nikamkasirikia mwanamke mzima anayejipeleka kwa polisi kwa ajili ya neno ambalo hata wao hawakulielewa. Wangegonga wakachoka. Au wangevunja, ningejuaje. Wa Nairobi hakuwa na hadithi hata moja. Alikwenda jikoni, akafunika madonge ya chapati kwa sahani yasikauke, akarudi akakaa. Hatukula. Mama hakurudi jioni ile, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Kesho yake alasiri nikasikia ndala kwenye ngazi. Zilikuwa zinapanda kwa kupumzika pumzika. Zikafika juu. Hakuna aliyebipu. Tulitazamana, mimi na yule mtu wa Nairobi, akanitikisia kichwa kama nilivyomtikisia Mama jana yake. Yaani, huenda yuko peke yake, au huenda polisi wako nyuma yake wanamsukuma. Kwa ndani huwezi kujua.

"Hodi," Mama akasema. Mlangoni kwake mwenyewe, na ufunguo anao.

Sikufikiri, au nilifikiri haraka mno. "Karibu," nikaitika. Na kwa kuwa nishaitika, nikainuka. Nilikwenda, nikafungua.

Alikuwa peke yake. Mtandio wake bado umefungwa vizuri, macho mekundu. Alinitazama pale mlangoni, akatazama nyuma yangu, meza ikiwa vile vile alivyoiacha.

"Mumekula?" akauliza.

Alitueleza akiwa amekaa, miguu ameiweka kwenye beseni la maji ya moto. Walimuuliza, kwa msichana mmoja aliyekuwa anatafsiri Kiingereza, kama anapikia watu. Akasema anapika. Wakamuuliza nani mwengine yumo ndani. Akawaambia nyumba ni yangu, niulizeni habari zangu. Wakaifupisha viza yake, wakampa siku chache aondoke. Alisema hayo yote kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya vitunguu imepanda.

"Lakini Mama, ungenyamaza tu," nikamwambia. Nilikuwa nalia na nina hasira kwa pamoja. "Ni polisi. Polisi hawakaribishwi."

"Mie nilijua ni polisi? Nilisikia mlango, nikasema karibu. Neno likishatoka limetoka. Sasa nimwite mtu, kisha nijifiche uvunguni?"

"Sisi tulijificha."

"Nyinyi hamukuitika," akasema. "Mungekwenda mlangoni kwa neno la nani?"

Akaomba taulo. Nikamkausha miguu. Ilikuwa imevimba kuzidi yangu.

Nilimfungashia mimi. Sufuria, mwiko, mapazia ambayo hakuwahi kuyapeleka nyumbani. Karai la Kichina alimwachia mtu wa Nairobi, ambaye hakujua hata kukaanga yai, naye akalipokea kwa mikono miwili. Hatukuweza kumsindikiza uwanja wa ndege, wala hata mpaka barabarani. Tulibaki juu ya ngazi tukisikiliza ndala zinashuka.

Jinzi zangu zilikuja kukamilika, zikapakiwa, na mimi nikatoka kwa miguu yangu kama nilivyopanga. Uwanja wa ndege nilifokewa mbele ya watu, nikalipa, nikapita. Duka lipo. Watoto walisoma. Nilirudi Xiaobei baadaye, lakini katika nyumba ile alikuwa anaishi Mchina na mbwa wake, na mimi nikala tambi hotelini.

Akina mama wa kanisani wanadhani kuwa na shujaa ni raha. Mimi wangu amenichosha. Kabla ya kumjua nilikuwa nasema karibu kama mtu anavyopiga chafya. Sasa nikilisema linanidai. Nilimwambia wifi yangu kwenye simu, karibu, kwa adabu tu, baada ya ndoa yake kuvunjika. Akaja na watoto na kitanda. Ndugu zangu wakaniambia mwambie nyumba yako ni ndogo, atakuelewa. Nikasema nishaitika. Hawakunielewa, na siku nyingine nikiwa kwenye foleni ya choo cha nyumba yangu mwenyewe hata mimi sijielewi. Nafikiria ile mikono inayonawa unga mpaka viwikoni, nasubiri zamu yangu.

Nilipata nafasi ya kwenda Mombasa miaka kadhaa baadaye, kwenye harusi ya binti wa rafiki. Nilikuwa na namba ya Mama, tulikuwa tunasalimiana sikukuu zake na zangu. Nikaelekezwa mpaka nje ya nyumba, mlango wa mbao, pazia nyuma yake, moja ya yale yale niliyoyafunga mimi. Nikasimama. Na nini kilinipata, sijui. Nikatoa simu, nikambipu. Mara mbili. Nikakata.

Nilisikia simu yake ikiita ndani, ikanyamaza, ikaita, ikanyamaza. Kisha ile sauti, imekuwa nyembamba.

"Nani anibipia mlangoni pangu?"

"Ni mimi, Mama. Wa Mwanza. Wa jinzi."

"Hapa hapana polisi," akasema. "Piga hodi, mwanangu."

Nikapiga hodi, kwa sauti, kwenye mtaa wa watu, mchana kweupe.

"Karibu," akaitika, ile ile, ndefu kidogo mwishoni.

Kisha nikasikia kitanda kinalia, na fimbo inatafutwa sakafuni, na pumzi ya mtu anayejivuta. Nilikuwa nimeambiwa kwamba magoti yamemwisha, kwamba hata kwenda uani siku hizi anashikwa. Mlango haukuwa umefungwa, ulikuwa umerudishwa tu.

"Usiinuke, Mama," nikamwambia kupitia pazia. "Nakuomba. Naingia mwenyewe."

"Ngoja hapo hapo," akasema. "Nishaitika."